Kipushi haiwezi kungojea chanjo ya mzio

KIPUSHI – Habari inazunguka kwenye simu za watu: huko Ulaya na Marekani watafiti wanatengeneza chanjo ya kutibu mzio wa chakula, ule ambao wengi hapa wanauita alerji. Ni habari njema. Lakini anayewaambia wazazi wa Kipushi wangojee chanjo anawapoteza.

Chanjo hiyo bado iko kwenye majaribio. Inakusudiwa kuufundisha mwili uache kupigana na karanga au yai kana kwamba ni adui. Palforzia, dawa iliyokubaliwa Marekani Januari 2020, si chanjo. Ni unga wa karanga ambao mtoto anapewa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, kisha anaendelea kuula kila siku. Hauponyeshi; unapunguza hatari tu akila karanga bila kujua.

Hapa karanga ziko kwenye sombe, kwenye matembele na kwenye uji wa watoto. Mtu akivimba midomo, akatoka vipele na kukosa pumzi dakika chache baada ya kula, neno linalotoka haraka ni “amelishwa sumu”. Aliyepika anashutumiwa, jamaa inagawanyika, na mgonjwa ananyweshwa maziwa au mawese huku dakika zinapita. Hapo ndipo uhai unapotea.

Dawa ya kumwokoa inajulikana tangu zaidi ya miaka 100: adrenalini. Inadungwa kwenye msuli wa paja na inafanya kazi ndani ya dakika chache. Imo kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS. Lubumbashi iko karibu kilomita 30. Koo likiziba, kilomita hizo ni nyingi mno.

Mgodi wa Kipushi, uliofungwa mwaka 1993, ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Mji wenye mali hiyo haupaswi kuomba adrenalini kama sadaka. Wakubwa wa afya waseme wazi: ni vituo gani vinayo leo, na ni wauguzi wangapi wanajua dozi yake? Wachungaji na wakubwa wa mitaa nao wafundishe: aliyevimba baada ya kula afikishwe kituoni kwanza, maneno ya sumu yangoje.

Chanjo ikifika siku moja, ipokelewe kwa mikono miwili. Leo kinachodaiwa ni adrenalini kwenye kila kituo.