Watoto waelezwe hatari ya kubembea



Naomba nafasi katika gazeti letu ili nitoe dukuduku langu kuhusu vibanda vya gemu vijijini.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa darasa la tano alivunjika mkono. Alifunga kamba ya katani kwenye mwembe, akabembea kama alivyoona katika Spider-Man 2, mchezo wa video uliotolewa mwaka 2004. Humo shujaa hurusha utando ukanasa kwenye maghorofa ya New York, naye akapita akining'inia juu ya magari. Kamba ya mwembeni ilikatika.

Wazazi wengine wanataka vibanda hivyo vifungwe. Mimi siwaungi mkono, kwani mtoto akifukuzwa kibandani, mwembe bado upo. Kinachokosekana ni maelezo. Mtu akijiachia kamba ikiwa imelala sawa na ardhi, afikapo chini kabisa kamba hubeba karibu mara 3 ya uzito wake. Ndiyo maana kamba iliyomvumilia alipoijaribu kwa kuning'inia tu, hukatika akibembea. Nililionyesha jambo hilo darasani kwa jiwe na uzi mwembamba. Uzi ulipokatika, hakuna aliyecheka.

Nawaomba wenye vibanda wasiwapokee watoto saa za masomo. Nasi walimu na wazazi tusiishie kukemea, bali tueleze. Shujaa wa gemu akifa huanza upya. Watoto wetu hawana nafasi hiyo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muheza, Tanga.