Gari Likute Limelala

Kuna mwalimu mmoja wa Migori aliyeniomba nisimtaje jina. Alichukua mkopo wa chama cha akiba, wa kulipwa kwa miaka mitatu, akanunua gari lililotumika kutoka kwa mtu anayemfahamu. Alipofika kulitazama, injini ilikuwa tayari inanguruma. "Nimekupashia, mwalimu," akaambiwa. Walizunguka mjini dakika kumi, pesa zikahesabiwa.

Jumapili iliyofuata alipakia watoto kwenda Homa Bay kumwona nyanya yao. Wakapita Awendo vizuri. Kabla ya kufika Rongo, ambako wangekata kushoto kuelekea ziwani, moshi mweupe ukafuka chini ya boneti. La ajabu ni kwamba mshale wa joto ulikuwa umeshuka! Fundi alimweleza kuwa kipimo kile husoma joto la maji. Maji yakiisha, hubaki hewani na kudanganya. Hedi ya injini ilikuwa imepinda. Mkopo bado anaulipa.

Kosa lake halikuwa kumwamini mtu. Kosa lilikuwa kuikuta injini ikiwa moto, maana injini iliyopashwa huficha mengi. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na vuguvugu, rudi kesho asubuhi.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta au cha tangi lake dogo. Ikiwa moto usithubutu: maji yaliyofungiwa humo huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiyafungulia yatakurukia usoni. Maji yawe yamejaa, tena safi, yenye rangi ya dawa ya rejeta. Yakiwa ya kahawia kama Mto Kuja wakati wa mvua, hiyo ni kutu, na huenda vijia vya ndani vimeziba. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia humo. Aga uende zako.

Kisha liwashwe, kifuniko kikiwa wazi. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa tu. Vikiendelea bila kukoma, kama maji ya ugali yanayotokota, shuku gasketi ya hedi.

Funga kifuniko, ushike mpira wa juu wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Unapaswa kukaa baridi dakika kadhaa, halafu upate moto ghafla. Hapo themostati imefunguka, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 90. Ukipata moto polepole tangu mwanzo, huenda themostati imekwama wazi, au imetolewa kabisa, eti kwa sababu huku kwetu kuna joto. Kuitoa huficha ugonjwa, hakuuponyi.

Sasa endesha nusu saa, upande na kilima, kisha usimame injini ikinguruma mpaka feni ianze kuzunguka. Gari linalochemka likisimama na kupoa likienda kasi, tazama feni. Linalochemka kilimani au kwenye mwendo wa kasi, tazama rejeta na pampu ya maji. Liache lipoe kabisa, upime maji tena. Yamepungua na chini ni pakavu? Basi huenda injini inayanywa.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Mwenye gari zima hatachukia ukikaa kwake asubuhi nzima. Anayekuharakisha ana sababu yake, na sababu hiyo utakuja kuilipia wewe, barabarani, watoto wakiwa kiti cha nyuma.