SEHEMU YA 6: Timu yangu, mwezi wa nne, na mizani ya mtoto

Leo naweka kliniki pembeni kidogo, naongelea besiboli. Usipite kwanza, linakuhusu.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua naishi Maryland na timu yangu ni Washington Nationals. Kila msimu ukianza, ni yale yale: leo wanashinda vizuri, kesho wanapigwa mechi tatu mfululizo, na meseji zinamiminika: "Nesi, timu yako basi tena!" Msimamo wangu ni huu: timu haihukumiwi kwa mwezi wa kwanza. Na sisemi kwa ushabiki tu.

Sisi tuliozoea Simba na Yanga tuna ligi ya mechi 30. Ukipoteza tano, mashabiki wanataka kocha aondoke. Besiboli ni mechi 162, karibu kila siku wanacheza. Hata bingwa hupoteza nyingi sana.

Mwaka 2019 nilijifungua kifungua mimba wangu mwezi wa nne. Usiku nanyonyesha, runinga sauti chini, naangalia mechi za pwani ya magharibi zinazoanza huku saa nne usiku. Timu ilikuwa hoi. Kufikia tarehe 23 Mei ilikuwa imeshinda 19 na kupoteza 31. Watu wakasema kocha Dave Martinez afukuzwe, na mimi nikiwa mmoja wao.

Na mwanangu? Siku za kwanza alipungua uzito. Mimi nesi, niliyewaambia wamama wangapi kwamba mtoto mchanga anaweza kupungua hadi kama asilimia 10 kisha akarudi uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi, nilikuwa nampima kila siku na kulia jikoni. Nusura niache kunyonyesha kwa sababu ya namba ya siku moja.

Mtoto akarudi kwenye uzito wake. Na Nationals? Baada ya ile 19 kwa 31, wakashinda 74 na kupoteza 38. Oktoba wakachukua ubingwa wa dunia, wa kwanza kwa jiji la Washington tangu 1924. Yule Martinez tuliyetaka afukuzwe ndiye aliyekuwa kocha.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi "vumilia tu, yatapita." Hapo ndipo watu wengi tunakosea. Timu ile haikukaa ikisubiri miujiza. Warushaji wa akiba walikuwa wanapoteza mechi ambazo timu inaongoza, basi mwanzoni mwa Mei wakabadilisha kocha wa warushaji. Wakamchukua Gerardo Parra, ambaye timu nyingine ilikuwa imemwacha. Mwezi wa sita Parra akaanza kuingia uwanjani na wimbo wa Baby Shark, kwa sababu binti yake wa miaka miwili aliupenda. Uwanja mzima watu wazima wanapiga makofi ya papa! Mama yeyote anamwelewa.

Na si kila mwanzo mbaya unaishia kwa kombe. Mwaka 2022 timu hii hii ilianza vibaya ikamaliza vibaya zaidi, imepoteza 107. Tofauti ni nini? Mwaka 2019 wachezaji wazuri walikuwepo, kama kina Max Scherzer na Juan Soto, na tatizo lilijulikana liko wapi. Kwa hiyo usiulize tu "jana ilikuwaje?" Uliza "chanzo ni nini, na tunaelekea wapi?"

Nyumbani ni hivyo hivyo. Mtoto ananyonya vizuri, anakojoa vya kutosha, yuko macho? Basi namba moja kwenye mizani isikunyime usingizi, rudi kliniki siku uliyopangiwa akapimwe tena. Lakini akikataa kunyonya, akilegea, au akiwa chini ya miezi mitatu na joto likafika nyuzi 38, hiyo si ya kusubiri. Nenda hospitali muda huo huo, hata kama ni usiku.

Na wewe mama mpya unayejiona umefeli wiki ya tatu tu: dada, huo ni mwezi wa nne. Msimu bado mrefu. Ila ukiona giza halitoki moyoni wiki mbili zimepita, tuambie. Kuomba msaada si kushindwa, ni kama kuongeza mchezaji.

Mwanzo wako ulikuwaje? Niandikie hapo chini, nitasoma nikitoka zamu.