"Ni kijana wangu tu" — neno linalotutia hasara

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea jambo ambalo wengi hatupendi kulisikia.

Muulize mwenye duka Kariakoo au Mwanjelwa kama ameajiri. Atakwambia, "Sijaajiri bwana, nina kijana tu ananisaidia." Huyo kijana anafungua saa moja asubuhi, anafunga saa tatu usiku, anauza kwa bei uliyompangia, na hana kazi nyingine. Ndugu yangu, huyo ni mwajiriwa.

Sheria zetu za kazi za mwaka 2004 haziangalii unamwitaje. Unampangia saa? Unampa vitendea kazi? Riziki yake inakutegemea wewe? Hata moja likiwepo, anahesabiwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vingine.

Mimi limenikuta. Nilikuwa na binti kwenye duka la vipodozi, karibu miaka miwili. Siku moja nahesabu mzigo, nakuta pungufu ya 280,000. Sikuuliza mara mbili. Nikazuia mshahara wake wote, nikamwambia asirudi. Haikupita muda nikaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mkataba uko wapi? Sina. Hasara uliiandika? Sikuandika. Alipewa nafasi ya kujitetea? Kimya. Tukapatanishwa, nikalipa zaidi ya kile nilichodai kaibiwa.

Kinachoniuma sio hela. Niliporudia hesabu vizuri, sehemu ya mzigo ule nilimpa shemeji mwenyewe na sikuandika popote. Yule binti mtaani kwao alishaitwa mwizi.

Kwa hiyo shika haya:

1. Mpe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Msaini wote. Bila karatasi, mkifika kwenye shauri wewe ndiye wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

2. Saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Zikizidi, ni saa za ziada, zinalipwa mara moja na nusu.

3. Likizo ya mwaka ni siku 28, yenye malipo.

4. Hasara ya dukani hukati hivi hivi. Lazima iwe kosa lake, umwandikie imetokeaje na ni kiasi gani, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake.

5. Anayelipwa kwa mwezi, ukitaka kuachana naye awe na sababu ya haki na apate notisi ya siku 28. Akiwa kwenye mwezi wa kwanza wa kazi, siku 7.

Najua mtasema, "Biashara yenyewe ya mkopo, haya nitayaweza wapi?" Ni kweli, mengine yana gharama, na NSSF nayo ipo. Lakini karatasi na kalamu ni shilingi ngapi? Kumsikiliza mtu kabla ya kumfukuza ni shilingi ngapi?

Mimi naona hivi: kama biashara inasimama kwa kumpunja anayeiendesha, hiyo haijasimama bado. Na kijana anayejua haki yake iko salama, ndiye atakayekulindia droo ukiwa haupo.

Wewe wa kwako mmeandikishana? Sema ukweli hapo chini.