Mtambo Bila Fundi Si Mali ya Taifa

Historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika haikamiliki bila kuitaja Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa mawimbi mafupi, sauti za FRELIMO, ANC na SWAPO zilivuka mipaka iliyofungwa na wakoloni na makaburu. Msumbiji ilijitawala mwaka 1975, Namibia 1990, na Afrika Kusini ikakombolewa 1994.

Sauti hizo hazikuruka zenyewe. Kituo cha kurushia matangazo huanza kwa jembe na saruji: kuchimba misingi, kusimamisha milingoti, kufukia nyaya za shaba ardhini, kisha kufunga valvu kubwa zinazopaswa kupozwa kila dakika. Waya wa antena ya mawimbi ya mita 49 hukatwa karibu mita 24, yaani nusu ya wimbi. Kipimo kikikosewa, nguvu hurudi mtamboni na kuuharibu badala ya kwenda angani.

Mitambo yaweza kutolewa na marafiki. Ufundi haupewi mtu kama zawadi. Nchi inayongoja mtaalamu wa ng'ambo kila valvu inapoungua haijawa na redio yake, hata bendera yake ikipepea juu ya jengo. Leo mitambo imebadilika, lakini hatari hiyo ni ile ile.

Kwa hiyo kila mkataba wa kufunga mitambo hauna budi kutaja mafunzo na vipuri. Hiyo ni dhamana ya watumishi wanaoiandika, na ya walimu wa fizikia wanaowaandaa mafundi. Taifa lisiloweza kukitengeneza chombo chake cha kusemea litanyamaza siku litakapohitaji kusema.