Lady Jaydee: Midundo Mipya, Msimamo Ule Ule

Mwanamuziki akidumu miaka mingi, lazima siku moja aambiwe kwamba amebadilika. Lady Jaydee ameambiwa hivyo tangu albamu yake ya Woman ya mwaka 2017. Wapo mashabiki waliomjua kwa Machozi, albamu yake ya kwanza, ambao hadi leo wanaona yule dada wa nyimbo za taratibu ametupotea kwenye midundo ya kuchezeka. Hapa Nyakato, Musoma, ubishi huo una uzito wake, kwa sababu Jaydee, yaani Judith Wambura Mbibo, ingawa alizaliwa Shinyanga, ana jina ambalo watu wa mkoa wetu wa Mara hulihesabu kuwa la nyumbani.

Wanaolalamika wasipuuzwe. Kizazi kile kilinunua kaseti, kikasikiliza upande wa kwanza hadi wa pili, kikajifunza kupenda R&B kwa Kiswahili kutoka kwake. Sauti ile ilikuwa na utulivu, na maneno yalisikika yote. Anayeuliza ilikwenda wapi ana haki ya kuuliza.

Hata hivyo, tukizipanga kazi zake kwa mfuatano, tunaona kwamba hakuanza kubadilika mwaka 2017. Alipoanzisha Machozi Band alihamia muziki wa jukwaani, unaopigwa kwa vyombo mbele ya watu. Mwaka 2013, kwenye albamu ya Nothing But the Truth, alikuja na hasira ya wazi: katika Joto Hasira alimshirikisha Professor Jay, na katika Yahaya akamchambua mwanamume anayetamba mjini huku makazi yake hayajulikani. Kisha mwaka 2016 ikaja Ndi Ndi Ndi, ngoma ya kuchezesha mwili inayomsimulia mtu anayeanguka na kuinuka.

Mtindo umebadilika kila mara, lakini maudhui hayakuhama. Tangu wimbo wa Wanaume Kama Mabinti, Jaydee amekuwa akiimba kuhusu mwanamke anayejitegemea, anayekataa kudanganywa, na anayetaka mwanamume naye awajibike. Woman imelibeba wazo hilo hadi kwenye jina lake. Kipimo changu ni hiki: mabadiliko ya mtindo yana maana pale yanapolipatia wazo la msanii masikio mapya. Binti aliyezaliwa wakati Machozi inatoka hakununua kaseti. Muziki aliukuta kwenye simu, wimbo mmoja mmoja. Kumfikia huyo kwa mdundo anaoujua ni kazi halali, na Jaydee ameifanya bila kulegeza anachokisema.

Ninalomdai ni jambo jingine. Katika kusaka soko la Afrika nzima, muziki wetu wote umeelekea kufanana. Mara ina litungu, kinubi cha nyuzi nane cha Wakurya, chenye mlio mzito usiofanana na chombo chochote cha studio. Kinasikika kwenye sherehe za Tarime na Serengeti. Kwenye albamu kubwa za Bongo ni nadra kukisikia. Lakini sauti ya nyumbani inauzika: ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, Saida Karoli aliingia studio mwanzoni mwa miaka ya 2000 na nyimbo za Kihaya, na nchi nzima ikazicheza, hata wasiojua neno la Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walirudi kwenye kazi yake kutengeneza Salome. Muziki uliotoka Kagera ukiwa na lafudhi yake uliuzika mara mbili, katika vizazi viwili.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumtaka Jaydee arudi enzi za Machozi. Mageuzi anayoweza kuyafanya yeye, au kijana yeyote wa Nyakato anayerekodi leo, ni kumwita mpiga litungu studio, amlipe kama mpiga gitaa anavyolipwa, na amwachie nafasi ya kuongoza wimbo mzima badala ya kupamba mwanzo wake tu. Jaydee ameshaonyesha kwamba wasikilizaji humfuata msanii mwenye jambo la kusema, hata akibadili mdundo. Watamfuata pia akija na mdundo wa Mara.