Mti si dawa mpaka upimwe

Wapo watu sokoni na katika vituo vya mabasi wanaouza unga wa mizizi na kuapa kwamba unaponya saratani ya kinywa. Mgonjwa mwenye kidonda ulimini hununua chupa ya kwanza, kisha ya pili. Anapofika hospitali, ugonjwa umekwisha kuenea shingoni. Huo si uganga. Ni ulaghai, na unaua.

Lakini liko kosa la pili, nalo ni la baadhi ya wasomi: kubeza kila lisemwalo juu ya miti ya dawa. Hiyo nayo ni kasumba. Historia inawasuta wote wawili.

Ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo hupamba bustani nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, lilisifiwa kuwa dawa ya kisukari. Katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer wa Kanada waliyapima majani yake. Sukari haikushuka, bali chembe nyeupe za damu zilipungua. Kutokana na hayo ikapatikana vinblastini, dawa ya saratani. Lau wangeamini tu, wangewanywesha wagonjwa wa kisukari chai isiyofaa. Lau wangedharau tu, majani yangetupwa.

Kwa saratani ya kinywa yenyewe iko dositakseli, iliyotokana na majani ya mti wa Taxus wa Ulaya. Leo hutumiwa pamoja na dawa nyingine kutibu saratani za kichwa na shingo, ya kinywa ikiwamo. Lakini haikutoka mtini ikaingia mwilini hivi hivi: ilitengenezwa, ikapimwa nguvu yake na sumu yake, ndipo ikakubaliwa.

Mwarobaini na manjano navyo vimeonyesha maabarani uwezo wa kuua chembe za saratani. Hiyo ni dalili njema, si tiba. Hata sabuni huua chembe hizo ndani ya chupa. Wala mmea hauwi mwema kwa kuwa ni mmea. Tumbaku ni mmea, na popoo itafunwayo kwa tambuu ni tunda la mti. Vyote viwili huleta saratani ya kinywa.

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilitungwa mwaka 2002. Hapana budi mganga wa kweli apeleke mti wake ukapimwe, haki yake ikilindwa, na mlaghai afikishwe mbele ya sheria.

Mwalimu na mtumishi wa umma wasingoje utafiti ukamilike. Kazi yao ni ya leo: kumwambia kila jirani kwamba kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki tatu hupelekwa hospitali, hakipelekwi sokoni.